Mwanamke Aliyetembea Mbele ya Gari

Wewe umewahi kumwona mama mtu mzima, bibi wa wajukuu wawili, anatembea mbele ya gari la mume wake huku ameinama, anatoa mawe njiani kama anayechambua mchele? Kama hujaona, ungepita mtaa wa Olasiti Jumamosi ile asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, Mlima Meru umejifunika wingu mpaka kiunoni, na njia imeota mawe upya, meusi, yenye ncha. Anande alikuwa mbele, kanga ameikaza, viatu vya mpira miguuni. Nyuma yake, hatua kumi hivi, lilikuja gari refu la buluu iliyoiva, linanguruma kwa chini kama mnyama aliyeshiba.

Mtaani waliliita Mtaliano. Lilitengenezwa huko Italia kwa ajili ya watu wenye haraka na barabara za kuteleza, na lilipofika kwa Elifuraha, mume wa Anande, lilikuwa limeshapita kwa wenyewe watatu. Viti vya ngozi rangi ya maziwa. Saa ndogo ya mviringo katikati ya dashibodi. Tumbo lake lilikuwa chini kiasi kwamba kuku wa jirani hakuweza kupita chini yake bila kuinamisha kichwa. Fundi mmoja wa Kwa Mrombo alifungua boneti, akatazama, akafunga taratibu. "Mzee," akasema, "hili linataka daktari, siyo fundi."

Elifuraha alikuwa dereva wa watalii kwa miaka ishirini na nane. Alipostaafu, Anande alikuwa ameshapanga mambo kichwani: ng'ombe wawili wa maziwa, na mabati mapya kwa sababu ya zamani yalivuja juu ya kitanda. Mume akaenda Dar es Salaam siku nne, akarudi na Mtaliano. Hakueleza. Anande naye, kwa hasira, hakuuliza. Miaka mitatu ikapita hivyo. Gari likawa linabeba maharusi Jumamosi moja moja, na kila likitoka, Anande hutangulia mpaka lami, akitoa mawe. Akifika lami hurudi nyumbani kwa miguu. Hakuwahi kukaa ndani. Mume akimwambia, "Basi panda," humwonyesha viatu vyake vyenye matope, akageuka.

Walikuwa na ishara zao. Kiganja wazi: simama. Kidole kushoto: vuta kushoto. Mawe yaliyochimbika chini, yasiyotoka, Anande aliyajua moja moja. Jiwe la namna hiyo hulipitishi katikati ya magurudumu, litakutoboa tumbo. Unalipanda kwa tairi, polepole, kama unavyopanda ngazi na mgonjwa.

"Mama Irine!" aliita jirani yao Manase kutoka kwenye banda lake la ng'ombe. "Leo mnapeleka bibi harusi wapi?"

"Leo hakuna bibi harusi. Leo bwana harusi mwenyewe anakwenda kuuzwa."

"Weee! Baba Irine amekubali?"

"Amekubali. Muulize mwenyewe, kama atakujibu."

Elifuraha alikaza macho mbele. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kofia yake ya kazi kichwani. Ni kweli alikuwa amekubali, baada ya mvua za masika kulowesha godoro. Mnunuzi, kijana mfanyabiashara wa Levolosi aitwaye Twahir, alikuwa anangoja kwenye lami, na sharti lake lilikuwa moja: gari lisiwe na mkwaruzo chini. Alisema atakuja na tochi.

Walipofika kwenye kona ya ua wa miti ya manyara kwa jirani Nkasiogi, Anande alikuta jiwe bapa lililoteremka na maji. Akaingiza vidole chini yake, akaligeuza.

Nyigu walikuwa wamejenga hapo.

Hakupiga kelele. Alijipiga shingoni, mdomoni, kwenye kiwiko, akarudi nyuma hatua tatu, akakaa chini kwenye matope. Watatu walikuwa wamemchoma. Zamani kule Machame nyigu mmoja tu alimlaza siku mbili, na daktari akamwambia: "Mama, wakikuuma tena usingoje hata maji ya kunywa. Kimbia hospitali." Elifuraha alikuwepo daktari aliposema.

Akaruka nje ya gari. Mdomo wa mkewe ulikuwa umeshaanza kuvimba, macho yanajifunga, na pumzi inatoka na mluzi mwembamba.

"Mama Irine! Nitazame!"

Alitaka kusema neno, sauti haikuja.

Manase alifika mbio, ndoo bado mkononi. "Tumpandishe bodaboda!"

"Atakaaje? Huoni anavyolegea? Ataanguka."

"Basi nitangulie nikutolee mawe!"

"Ukitoa mawe tutafika saa sita. Nishikie mlango."

Wakamnyanyua mpaka kwenye mlango wa nyuma. Hapo Anande akajizuia. Alikitazama kiti kile cha rangi ya maziwa kwa jicho lililobaki wazi kidogo, akainama, akaanza kuvua viatu.

"Acha viatu!" Elifuraha alipiga kelele mpaka mbwa wa Nkasiogi akanyamaza. "Acha viatu, mwanamke! Ingia!"

Akaingia na matope yake yote.

Sasa mbele hapakuwa na mtu. Elifuraha, aliyewahi kuvuka mito ya Serengeti na wageni wakimpigia makofi, alitazama mita mia nne za njia ya nyumbani kwake akagundua kwamba haijui. Miaka mitatu alikuwa akitazama mgongo wa mkewe. Akaondoka. Hatua chache tu, chini chuma kikalia, kaa! Mguu wake ukaenda kwenye breki wenyewe.

Ndipo aliposikia vidole begani. Bega la kushoto, mara mbili.

Alidhani mkewe anakata roho. Vikagonga tena, kwa ukali, bega lile lile. Akavuta usukani kushoto. Tairi likapanda jiwe, likashuka. Halikugusa.

Anande alikuwa amelala ubavu, uso kwenye ngozi ya kiti, haoni kitu. Lakini njia ile aliipitia kwa miguu na mikono, na mtikisiko wa gari ulimwambia wako wapi. Mfuniko wa bomba la maji: bega la kulia. Mizizi ya mti wa mgrevilea nje ya nyumba ya mchungaji: kushoto, kushoto zaidi. Elifuraha aliendesha kwa mabega. Kwenye dashibodi taa nyekundu iliwaka, na maneno ya Kiitaliano ambayo hajawahi kuyaelewa yakapita yakirudi. Mluzi wa pumzi nyuma yake ulikuwa unazidi kuwa mwembamba.

Wakafika kwenye mfereji.

Huo mfereji hukata njia kabla tu ya lami. Siku zote Anande hulaza mbao mbili, gari likapita juu yake kama linavuka darajani. Mbao zilikuwa pale pembeni, zimeegeshwa ukutani. Kushuka, kuzilaza, kuzipima, kurudi: dakika nne, tano. Elifuraha alisimama. Hivi nisemeje, mtu anaweza kuhesabu mambo mengi kwa muda mfupi sana. Aliona mabati. Aliona ng'ombe. Ng'ambo ya mfereji alimwona Twahir, shati jeupe, tochi mkononi mchana kweupe.

Mkono wa mkewe ukapanda mpaka kwenye kisogo chake. Kiganja wazi. Kwa lugha yao ilikuwa simama. Lakini kiganja kile kilisukuma mbele mara moja, kikateleza, kikaanguka.

Akakanyaga mafuta.

Kishindo chake Manase alikisikia kule nyuma kwenye kona. Mtaliano aliingia mfereji kwa tumbo, akakwanguka kama sufuria kubwa inayoburutwa kwenye saruji, akatoka upande wa pili akinguruma kwa sauti nyingine, ya kikohozi. Twahir aliruka kando. Gari likampita bila kumsalimu.

"Mama Irine. Nigonge." Kimya. "Nigonge popote, tafadhali." Lami ilikuwa laini sasa, gari linakwenda lilivyoumbwa kwenda, na Elifuraha hakuona lami wala magari. "Anande! Anande wangu, nigonge!"

Kidole kimoja kikagusa shati lake. Hakikugonga, kiligusa tu.

Kwenye kituo cha afya, nesi mmoja aitwaye Elizabeth alimtazama mara moja, hakuuliza jina wala kadi. Alimchoma sindano ya paja akiwa bado kwenye kiti cha gari, kisha wakamwingiza ndani. Baada ya muda ambao Elifuraha alizunguka mti wa jakaranda bila kuuona, nesi akatoka. "Baba, kaa chini. Anapumua. Mngechelewa dakika tano tungekuwa tunazungumza mengine."

Twahir alikuja na bodaboda. Aliposikia habari alitoa pole kwanza, kama mtoto aliyelelewa. Kisha, maana biashara ni biashara, akachuchumaa, akamulika chini ya gari. Mafuta meusi yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye maua ya kituo.

"Shikamoo tena, mzee," akasema akinyanyuka. "Hili sasa..."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Nenda salama."

Mchana walimruhusu aingie. Anande alikuwa ameegemea mto karibu na dirisha, uso umeumuka kama andazi, sauti ya chura. Dirishani Mtaliano alionekana amekaa upande mmoja.

"Umeliua," akasema.

"Ndiyo."

"Na viti nimevichafua."

"Ndiyo."

Anande akajivuta juu kwenye mto. "Baba Irine, leo nimekwenda nikarudi, sasa sioni aibu kuuliza. Nilitaka ng'ombe. Nilitaka bati. Wewe ulitaka nini?"

Elifuraha akavua kofia, akaizungusha mikononi, akaitazama ndani kana kwamba imeandikwa.

"Miaka ishirini na nane nimewafungulia milango wake za watu," akasema. "Wanashuka taratibu, wananyoosha gauni, wanasema asante. Gari la kampuni halipandishi familia, unajua. Mimi nikirudi nakukuta umetoka sokoni, ndizi kichwani, umelowa. Nilipoliona lile gari kule Dar, nilifungua kwanza mlango wa nyuma. Nikaufunga, nikaufungua." Akaikunja kofia. "Kila nilipotaka kukwambia, ulikuwa mbele, umeinama."

Anande aligeuza uso dirishani, akautazama ule mlango wa nyuma.

"Nilitaka nikufungulie wewe," akasema mumewe.