Maonyesho Juu ya Meza

Katika nyumba ile, maonyesho ya kiangazi yalianzia juu ya meza ya chakula, na kwa kuwa hapo hapakuwa na vumbi, foleni wala kelele, ingewezekana kudai kwamba hapo ndipo yalipokuwa mazuri zaidi.

Utaratibu huo ulitokana na shida. Baba alikuwa fundi makochi mwenye jina, hadi presha ya macho ilipomzimia taa moja baada ya nyingine. Tangu hapo ramani ya karatasi ilikuwa kwake karatasi tu. Binti yake wa mwisho, aliyebaki naye nyumbani wakati wakubwa zake walipohamia nyumba zao, akabuni ramani ya kushika. Kila mwaka, siku chache kabla ya maonyesho, aliondoa kitambaa cha meza na kuupanga uwanja mzima kwa vyombo vya jikoni. Kopo la chumvi lilikuwa lango. Mfuniko wa sufuria ulikuwa lile gurudumu kubwa linalopandisha watu angani na kuwarudisha. Kibao cha kukatia mboga, kikiegemezwa kwenye kamusi, kilikuwa kilima. Uma uliolazwa juu ya sahani ya maji ulikuwa daraja la mbao la bwawani. Njia ilikuwa uzi mnene wa kushonea makochi. Watu walikuwa vifungo: kikubwa, kilichovikwa ngozi, kilimwakilisha baba, kidogo, cha blauzi, kilimwakilisha binti.

Baba alipitisha vidole kwenye uzi, akasahihisha. "Hapa bendi itatupasua masikio, tuzunguke." "Hapa tukae, mimi si mbuzi." Siku yenyewe ilipofika alitembea uwanjani kama aliyeuchora yeye, na watu wakamsifu binti kwa kumwongoza vizuri.

Binti hakuwa na ugomvi na sifa hizo. Alikuwa mfamasia katika duka la dawa la kona, kazi inayomzoesha mtu kushukuriwa kwa vitu ambavyo hakuvitengeneza. Ugomvi wake ulikuwa na macho yake mwenyewe, ambayo mwaka nenda mwaka rudi alikuwa ameyaazimisha. Hakuna alichokiona uwanjani ambacho hakikupitia mdomoni kwanza.

"Bata bukini yukoje?" baba aliuliza mwaka uliopita.

"Mweupe. Shingo ndefu. Ana hasira."

"Hasira ya namna gani?"

Ikabidi hasira ya bata bukini ichambuliwe kwa aina zake, jua likiwachoma utosini, hadi mwenye bata akaanza kuwatazama kwa wasiwasi. Jioni ile binti aligundua kwamba alitamani kitu kimoja tu maishani, nacho kilikuwa cha kuaibisha kwa udogo wake: kukaa siku nzima akiona vitu na kunyamaza.

Mwaka huu alikuwapo mwalimu wa jiografia. Mwalimu huyu alikuwa akija dukani kununua dawa ya mafua kwa bidii ambayo mafua yenyewe hayakuistahili, na hatimaye akapata ujasiri wa kumwalika binti kwenye maonyesho. "Mlete na mzee," alisema, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, na wema wa namna hiyo huwatia watu wengine kwenye matatizo. Binti akajibu kwamba mzee anaumwa goti. Goti la mzee lilikuwa zima kuliko la mwalimu.

Nyumbani alieleza kwamba amepangiwa zamu.

"Zamu siku ya maonyesho?" baba aliuliza.

"Wenzangu wote wana udhuru."

"Na wewe huna?"

"Sina, baba."

"Basi. Wagonjwa nao ni watu." Baba hakuwa na kinyongo hata kidogo. Laiti angefoka kidogo tu, binti angepata mahali pa kuegemeza kosa lake.

Yote haya yangepita salama kama isingekuwa mazoea. Alhamisi jioni, baba akiwa ameteremka kukaa kwenye benchi la fundi viatu wa mlangoni, mwalimu alipiga simu kuuliza waanzie wapi. Binti akafumba macho auone uwanja, asiuone. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuupanga kichwani; aliujua kwa mikono, kama baba yake. Akakata simu, akaondoa kitambaa, akapanga vyombo. Safari hii aliupitisha uzi pale ambapo haukuwahi kupita: ukapanda kilima, ukavuka daraja, ukafika kwenye gurudumu na kulizunguka mara mbili. Kisha mkono wake ukaingia kwenye kikopo cha vifungo, ukatoa viwili, vilevile vya siku zote, ukaviweka langoni. Haukumuuliza mwenyewe.

Hapohapo wenzake wakamwita dukani. Kulikuwa na mteja mwenye cheti cha daktari ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Akachukua mkoba, akateremka mbio. Aliporudi alimkuta baba mezani, viganja vyote viwili juu ya maonyesho.

"Zamu, eh," baba alisema.

Binti aliweka mkoba chini taratibu, kama mtu anayeweka mayai.

"Kumbe danganya toto, na kifungo changu kiko langoni. Na mimi toto nikadanganyika."

"Baba, ngoja nikwambie."

"Kaa kwanza, usiniharibie. Nimeshapita kote." Kidole chake kilikuwa kikizunguka ukingo wa mfuniko. "Gurudumu. Miaka yote unaniambia lina foleni."

"Lilikuwa na foleni."

"Lilikuwa na uoga wako. Mwaka huu umeuacha wapi?" Hakungoja jibu. "Na kilima umenipandisha. Haya, mapafu ninayo. Ila hapa darajani sikukuelewa, mama. Pale hawapiti wawili wakishikana mikono."

Palikuwa na nafasi pale, ya urefu wa pumzi moja, ambapo ukweli ungeweza kutoka kwa bei nafuu. Binti aliiona nafasi hiyo ikifika, akaiona ikipita.

"Utanishika bega," alisema. "Mimi mbele, wewe nyuma."

"Bega." Baba alilipima neno. "Umefikiria, kumbe."

Ijumaa habari zikawa zimeenea. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa mlangoni pa jengo na ambaye hakuna kilichompita isipokuwa wateja, alimsimamisha asubuhi.

"Dokta, nasikia mzee anapaa kesho."

"Ndiyo."

"Jana alirudi hapa kunitambia mpaka nikakosea kisigino. Anasema wanangu mimi hawanijui."

Mchana akapiga simu dada yake mkubwa. "Baba kanisimulia. Mdogo wangu, nisamehe. Mimi nilikuwa nakuona kama unamvumilia tu."

"Hakuna cha kukusamehe," binti alijibu, na katika juma lile hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza iliyokuwa sahihi kabisa.

Jioni akamweleza mwalimu ukweli wote, kwa simu, akiwa amesimama kati ya rafu za dawa za kikohozi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa kifungo cha mzee."

"Ndiyo."

"Na goti?"

"Hakuna goti."

"Nilishamtafutia fimbo," mwalimu alisema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa. "Basi twende naye. Mimi sina neno."

"Najua huna. Mwenye neno ni mimi."

Jumamosi asubuhi alimkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda katika shati lililopigwa pasi, akifunga kamba za viatu. Alikuwa amenyoa. Kidevuni alijikata kidogo, akabandika kipande cha karatasi. Binti alikuwa amejiandalia utangulizi, lakini kile kipande cha karatasi kiliufuta.

"Baba, ile njia sikukupangia wewe."

Mikono ya baba haikusita. Ilimaliza fundo la kiatu cha kushoto, ikahakikisha limekaza.

"Ulimpangia nani?"

"Mwalimu. Wa jiografia."

"Yule wa mafua?"

"Ndiye."

"Mwaka mzima unaniambia anakuja na mafua. Nilishaanza kumwombea." Akalipapasa tena fundo. "Daraja lilinisumbua. Nikajiambia, labda mtoto amesahau daraja lilivyo. Lakini wewe husahau kitu."

"Twende wote watatu. Amekubali."

"Yeye amekubali. Na wewe?"

Hapo binti, aliyekuwa amewadanganya watu wawili bila kigugumizi na kuwaacha wengine wawili waamini walichotaka, alishindwa kuutoa uongo uliokuwa mdogo kuliko yote na wenye faida kuliko yote. Baba aliyazoea mambo ya kupapasa; hili lilimfikia bila kupapaswa.

"Haya," alisema, akainama kuzifungua kamba alizozifunga.

"Si kwamba sikupendi, baba."

"Hilo sikuuliza. Umechoka kunisimulia."

"Nimechoka." Lilimtoka kwa sauti ndogo, na lilipokwisha kutoka hakuona pa kulificha. "Nimechoka, baba."

"Ningekuwa wewe ningechoka zamani. Nauliza sana." Kiatu cha kushoto kikatoka, akakipanga sawasawa na ukingo wa mkeka. "Nikienda leo utaona haya siku nzima, na mimi nitaisikia hiyo haya mkononi mwako. Sina hamu nayo. Nenda na mwalimu wako."

"Nitakaa na wewe."

"Ili nikutazame ukiwa hujaenda? Na kwa macho yapi?" Hakutabasamu. Alikuwa akiwaza jambo jingine, na jambo hilo lilimtia soni kuliko yote yaliyotangulia. Ilionekana kwenye shingo yake. "Tatizo ni fundi viatu."

"Nitamwambia umeamka vibaya."

"Aniletee supu? Hapana. Nilimtambia, mama. Nilimdharau na watoto wake mbele ya wateja." Akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Vuta mapazia. Redio sitawasha, wala sitaburuta kiti. Ukitoka mwambie nimeshatoka, dada yako amenipitia. Dada yako nitampigia mwenyewe, huyo ananielewa."

"Siwezi kukufungia ndani kama mwizi."

"Mlango wenyewe hauna neno. Funga." Kisha, binti alipokuwa ameshika kitasa: "Na jioni utanieleza kiasi cha kunifaa kesho benchini. Gurudumu likifika juu, upepo unatoka upande gani. Kelele za watu zinasikikaje kutoka kule. Yule fundi ana maswali ya ujanja, asije akanikamata."

Kwa hiyo siku ya kuona na kunyamaza ilikuwa imegeuka siku ya kuona kwa kiapo. Binti alilielewa hilo papo hapo, na hakuona kwamba ameonewa. Alivuta mapazia chumba hadi chumba. Alisikia nyuma yake baba akitembea kwa soksi, akijizoeza kutosikika. Akageuza ufunguo polepole, mara ya kwanza na ya pili, akateremka.

Fundi viatu alikuwa ameweka kiti cha ziada mbele ya kibanda chake.

"Dokta. Mzee yuko wapi? Nimekaa hapa nimwone akitoka kifalme."

"Alitoka mapema. Dada alimpitia."

"Sikumwona."

"Ulikuwa hujafungua."

Fundi alilifikiria jibu hilo huku kiatu cha mtu kikiwa mkononi mwake, soli imening'inia. "Amestahili," alisema mwishowe. "Mimi wangu wananiletea shati kila mwaka, kipimo cha mtu mwingine. Juzi nilimkasirikia yule mzee, lakini usiku nikasema, kweli bwana, kapata mtoto. Una moyo, dokta. Nakwambia mbele ya viatu vyote hivi."

"Asante," binti alisema, kwa sauti tulivu kiasi kwamba yeye mwenyewe angeiamini.

Hakutazama juu kwenye madirisha. Alipita duka la dawa, lililokuwa wazi na lenye wenzake wote wasio na udhuru wowote, akavuka barabara. Mwalimu alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta, amevaa kofia mpya. Alikuwa bado hajamwona. Hapo ndipo binti alipogundua, kwa aibu ambayo haikumpunguzia mwendo, kwamba tangu atoke mlangoni alikuwa karibu anakimbia.