Mshipa wa Joachim

Kwa Matilda mambo yalikuwa wazi. Hospitali ile ya Iringa, ambayo jina lake nitalimeza, ilikuwa na madaktari wawili wa kupasua, na mwenye akili timamu asingehangaika kuchagua. Mmoja alikuwa Daktari Kassam, Mhindi mzee mwenye mdomo mchafu, aliyekuwa akipasua watu tangu kabla ya vita na kuwatukana hata wakiwa usingizini. Mwingine alikuwa kijana wa Kizungu aliyewasili juzijuzi kutoka Ulaya kwa kupitia Mbeya. Mrefu, mpole, kila asubuhi anapita kwenye mabenchi akisema "Kamwene" kwa kila mgonjwa. Mzungu gani mwingine uliyewahi kumsikia akitoa salamu ya Kihehe? Tena serikali itamtoaje mtu mbali hivyo, kwa meli na kwa gari, kama si fundi? Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu wakaambiana pale kwenye mabenchi, na wakafurahi.

Mumewe Joachim alikuwa na mshipa. Alikuwa akibeba magogo ya kulisha tanuri la kiwanda cha chai huko Mufindi, mpaka uvimbe ukamtoka kwenye kinena, na msimamizi akamwambia akapone kwanza au asirudi kabisa. Hakuwa mahututi, jamani. Alikuja hospitali kwa miguu yake, akiwatania manesi. Ugonjwa wenyewe Daktari Kassam alikuwa akiushona kabla uji haujapoa, na alikwisha kumpangia Joachim siku ya Jumanne.

Matilda akaona hapana. Kwao Igowole, ukitaka mtu amshike wa kwako kama wa kwake, unampelekea kuku. Akimpokea kwa mikono miwili amekubali undugu, na ndugu hakuangushi. Basi akaleta jogoo mwekundu, akamwomba Zubery, dresa aliyekuwa akifunga vidonda na kutafsiri, amwambie yule kijana kwamba Joachim sasa ni wake. Zubery alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani, na siku zote hakuishiwa maneno. Siku hiyo alisita. Akamuuliza mama kama ana hakika, maana mzee Kassam mkono wake ni mwepesi. Matilda akamjibu kwamba wivu hauna dawa. Haya, Zubery akatafsiri. Kijana akampokea jogoo kwa mikono miwili, uso umemwiva kwa furaha, akauliza kama huko kijijini kuna wengine wenye mshipa.

Matilda alirudi kwenye benchi akijiona mtu.

Jumanne asubuhi Joachim akatiwa nusukaputi, kijana akashika kisu. Jua likafika utosini, mlango wa chumba cha upasuaji haujafunguliwa. Mara Daktari Kassam akaitwa mbio, akaingia huku anafunga aproni, na safari hii hakumtukana mtu. Utumbo ulikuwa umekatwa. Kassam alishona alichoweza, lakini uchafu ulikwisha kusambaa tumboni. Joachim akavimba, akaweweseka, akawa anamsihi msimamizi wa kiwanda amngojee. Akafa Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Zubery ndiye aliyemweleza, nyuma ya chumba cha maiti, bila kumtazama usoni. Kijana hakuwa fundi. Alikuwa anajifunza upasuaji, na kwao Ulaya bado haruhusiwi kumpasua mtu peke yake. Husimama pembeni wakubwa wakikata. Huku wagonjwa ni wengi na wanaouliza ni wachache, kwa hiyo mkono hukomaa upesi.

"Ulijua," Matilda alisema.

"Wote tunaofanya kazi hapa tunajua, mama. Anayesema hafanyi kazi hapa tena."

Ndilo jibu la mtu mwenye watoto. Usimcheke, na wewe ungejibu hivyo hivyo.

Kijana naye alikuja, macho mekundu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma Matilda kuliko yote, kwa sababu mbaya angalau unamlaani. Alisema, Zubery akitafsiri, kwamba hatamsahau Joachim maisha yake yote, kwamba amemfundisha jambo ambalo vitabu havikumfundisha, na kwamba atakayefuata hatapatwa na haya. Matilda alimsikiliza mpaka mwisho, akaondoka.

Igowole walimlilia Joachim vizuri. Waliposikia aliyempasua ni Mzungu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mke amefanya yote, walisema, ni kazi ya Mungu tu. Angemwachia yule Mhindi wangemwitia kikao. Matilda akazipokea sifa hizo, akaenda kuosha vyombo.

Matanga yalipokwisha, Saulo, mdogo wake Joachim, akamfuata jikoni. Naye alibeba magogo yale yale, naye alikuwa na mshipa, akiuficha kwa kujifunga mkanda. Akamwomba shemeji yake ampeleke Iringa kwa daktari yule yule, asije akaangukia kwa Mhindi.

Matilda alifungua kinywa amtaje Kassam. Lakini kumtaja Kassam ni kuuambia ukoo mzima kwamba Joachim alikwisha kuwa katika mikono salama, na aliyemtoa humo ni mkewe. Akachochea kuni mpaka moshi ukamwingia machoni.

"Nenda kwake, shemeji," alisema. "Kaka yako amekwisha kumfundisha."

Saulo akamshukuru sana.