Kichupa Chekundu Zaidi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Ofelia Barrientos, bosi wetu pale maabara ya Mar del Plata, alikuwa na swali moja kwa miaka kumi na tisa. Kuna vijidudu vya maji ya chumvi kali, arkea, na kwenye utando wa seli zao kimekaa kimeng'enya kinachokata protini. Kinakata zipi? Basi tulikuza makundi mawili, moja lina kimeng'enya hicho, jingine tumekiondoa. Protini zitakazolundikana kwenye hilo la pili ndizo zinazokatwa. Nikaandika lebo, tukagandisha, tukapeleka Ujerumani kwenye mashine inayopima protini zote kwa mkupuo.

Majibu yakarudi kinyume. Kila protini aliyobashiri Ofelia kuwa italundikana ilikuwa imepungua. Wakati huo yuko hospitali, saratani imeshafika kwenye ini.

"Miaka yote hiyo, Nidia," aliniambia, "kumbe nilikuwa nafukuza upepo."

Kesho yake nilitoa vichupa vya akiba kwenye friza. Vijidudu vyetu ni vyekundu, na vikikosa kimeng'enya huzidi wekundu, hilo hata mfagizi wetu analijua. Kichupa nilichoandika "chenye kimeng'enya" ndicho kilikuwa chekundu zaidi. Mwandiko wangu kabisa. Mungu wangu, niliketi sakafuni.

"Geuza majina tu," akasema Facundo, msaidizi wake. "Mwambie alikuwa sahihi, afe kwa amani."

"Funga bakuli lako!" nikamwambia. Lakini njia nzima ya kwenda hospitali nililiwaza neno lake.

"Nimechanganya lebo, Ofelia."

Alinitazama sana. "Kwa hiyo nilikuwa sahihi?"

Ulimi uliniwasha jamani. Ndiyo moja tu, na angelala na furaha. Ila huyu ndiye aliyenisimamisha kazi wiki nzima, mwaka wangu wa kwanza, kwa kukisia kipimo.

"Sijui," nikasema. "Sijui nilichanganya vingapi. Tunarudia upya. Miezi minne."

Akafumba macho. Nilidhani nimemuua. Kisha akacheka kidogo.

"Umeiva sasa, punda wewe. Safari hii lebo aandike Facundo."

Alifariki Alhamisi.

Majibu ya pili yalipokuja, protini ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ileile aliyoibashiri tangu mwanzo, ile inayotengeneza rangi nyekundu. Watu wakakumbatiana, Facundo akapiga mayowe. Mimi nilijifungia chooni nikalia, maana angelijua hili akiwa hai, kama siku ile ningetazama ninachoandika.