Imesharipotiwa

Bosi alitaka jibu kabla ya saa nne. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amekufa kwa dozi ya mtoto wa kilo hamsini, kwa sababu programu yetu ya kukokotoa dozi ilibaki na uzito wa mgonjwa aliyetangulia. Muuguzi aliyemwekea dawa alisema aliwahi kuiripoti hitilafu hiyo. Kamati ya hospitali ilikuwa inakaa asubuhi hiyo hiyo kuamua kama itapendekeza anyang'anywe leseni, nayo ilituuliza kama ripoti hiyo ipo.

Nikafungua mfumo wetu wa hitilafu. Humo mna ripoti elfu kumi na moja, na za hospitali huingia bila jina. Nikatafuta kwa lugha yetu mafundi: "data haijasasishwa", "kumbukumbu haijafutwa". Patupu. Bosi akashusha pumzi.

"Basi waandikie hakuna. Funika kombe mwanaharamu apite."

Roho yangu ikagoma. Muuguzi haongei kifundi. Nikajiuliza angelalamikaje akiwa wodini, miguu inamuuma, kisha nikaandika: "kilo za yule aliyetoka".

Ikaja moja, ya miezi minane nyuma. "Nikifungua mgonjwa mpya bila kuzima mashine, naona kilo za yule aliyetoka. Leo nimeiona kwa bahati tu. Tafadhali nijibuni, wodi yangu ni ya watoto."

Ilikuwa imefungwa: imesharipotiwa, tazama ripoti nyingine. Nikaibonyeza hiyo nyingine. Nayo ilikuwa imefungwa: imesharipotiwa, tazama ile ya kwanza. Zilitupiana mpira, na hakuna fundi aliyegusa kitu.

Kwetu Ijumaa ni siku ya kufagia. Anayefunga ripoti nyingi husifiwa mkutanoni, na njia ya mkato ni kudai kwamba hii inafanana na ile. Zote mbili zilifungwa ndani ya dakika moja, kwa jina langu. Sikusoma hata moja. Nilijichukia, na sitafuti huruma ya mtu.

"Ya kale hayanuki," bosi alisema, mkono wake ukiwa juu ya kipanya changu, tayari kuzifuta.

"Haya yananuka, bosi."

Nikazichapisha zote mbili kwenye karatasi, nikatoka kwenda hospitali.

Nilimkuta muuguzi kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, sare yake imepigwa pasi kana kwamba anaingia zamu. Alisoma karatasi mara mbili.

"Kumbe niliandika kweli," alisema. "Kaka, wiki nzima naitwa mwongo, mpaka na mimi nikaanza kujishuku." Halafu akaninyanyulia macho. "Kwa hiyo mlijua."

"Hatukujua, dada. Nilifunga bila kusoma."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinirudishia karatasi, akaelekeza kidevu kwa mwanamke aliyekaa peke yake mwisho wa benchi, amekumbatia mkoba.

"Yule ndiye mama wa mtoto," alisema. "Nenda ukamsomee."