Mashine Iliyouliza Joto

Umeme ulirudi Shanwe mchana, mvua bado ikichapa bati, na mashine ya kutotolesha vifaranga ikaamka. Kwenye kompyuta mpakato chakavu iliyounganishwa nayo kwa waya likatokea neno moja: Joto?

Nyanzala alikuwa peke yake. Shangazi Fausta, mwenye mashine, alikuwa msibani Inyonga. Hezron, mwanawe aliyeiunda, alikuwa chuoni Mbeya. Ndani ya mashine mlikuwa na mayai ya kanga, na shangazi alikwishasema: haya yakiviza, mashine inauzwa, na wewe unarudi kwenu. Kwao kulibaki boma tupu. Ndugu walishaswaga ng'ombe kwenda Lindi.

Joto la mayai alilijua, nyuzi 37. Akabonyeza 3. Ikaonekana. Akabonyeza 7. Nayo ikaonekana. Kisha akafanya kama alivyolelewa: ukishamjibu mkubwa, unanyamaza, unangoja neno lake. Akakunja mikono mapajani, akangoja.

Mashine nayo ikangoja.

Taa ya joto haikuwaka. Akagusa kioo cha mashine, kilikuwa kinapoa.

Kumpigia Hezron kulimtisha. Tangu siku aliyosimamishwa darasani asome kwa sauti, wenzake wakamcheka hadi akaacha shule, kila msomi kwake alikuwa lile darasa zima. Akaweka kidole juu ya jina la Hezron kwenye simu, akakitoa. Akachukua yai moja, akaliegemeza shavuni. La baridi.

Akapiga.

"We Nyanzala! Kumbe una sauti!"

"Kaka, taa haiwaki. Nimeijibu, imenyamaza tu."

"Umebonyeza Enta?"

"Hapana. Nilikuwa naingoja iseme."

Hezron akaangua kicheko, halafu akakikatiza. "Hapo nimekosea mimi, mdogo wangu. Ile programu niliiandika kwa lugha ya C, inasoma herufi moja moja. Inapokea moja, inangoja nyingine, mpaka umalize kwa Enta. Na ikiwa inangoja haifanyi kingine chochote. Haipimi, haiwashi taa. Imekukodolea macho wewe tu. Haya, bonyeza."

Akabonyeza. Taa ikawaka, feni ikaanza kuvuma. Akamulika yai kwa tochi ya simu, kisha jingine: mishipa myembamba, na katikati kidoa kikirukaruka.

"Mazima," akanong'ona.

"Safi! Usizime kompyuta. Jioni naingia kwa mtandao, naweka programu mpya. Isiwe inamngoja mtu tena. Umeme ukirudi, iendelee yenyewe."

"Ndiyo, kaka."

Alitaka kuongeza neno, hata la kuulizia baridi ya Mbeya, lakini wakati analitafuta Hezron alishakata.

Nyumba ikabaki na mvua. Nyanzala akaitazama ile kompyuta. Kwa mayai programu mpya ilikuwa heri, hilo alilijua. Ila tangu aje Shanwe, hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza kitu, kisha akatulia kumngoja amalize.

Akainama chini ya meza, akachomeka chaji, ili Hezron aikute kompyuta inawaka.