Askofu Sekundo Hana Barua

Jumapili hiyo pale Ndalu matangazo yalikuwa yamefika kwenye mnada wa kuku wa mavuno, Kiptum wa bodaboda alipomshusha Askofu Sekundo mlangoni mwa kanisa. Alimpakia Kibomet, kule Kitale. Alisema abiria huyo hana uzito hata kidogo, kwa vile amekufa miaka elfu moja na mia sita, lakini ni mtu wa kusalimia watu njia nzima.

Jamani, vigelegele! Kwaya iliimba nyimbo mbili ambazo hazikuwa kwenye ratiba, na akina mama wakamtandikia leso toka mlangoni hadi kiti cha mbele.

Aliyefurahi kuliko wote ni Nelima. Mamake, Nanyama, alikuwa kitandani, hali mbaya. Alibatizwa na Pasta Hillary, kisha Pasta Hillary akatoroka na mke wa mtu wa kwaya. Basi wazee wa kanisa wakaamua ubatizo wote alioufanya pasta huyo ni bure: kila aliyebatizwa naye arudi mtoni, la sivyo kanisa halitamzika. Nanyama hakuweza hata kuketi. Naye Askofu Sekundo, enzi zake huko Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu saba juu ya jambo hilo hilo.

"Maji ni ya Mungu," askofu alisema. "Dhambi ya aliyebatiza haiyachafui."

"Amina!" kanisa zima likanguruma. Nelima aliruka mpaka kiatu kikamtoka.

Walubengo, katibu wa wazee, alipiga makofi pia. Kisha akafungua faili.

"Karibu sana, Baba Askofu. Barua ya utambulisho kutoka kanisa lako iko wapi?"

"Mji wangu ulichomwa."

"Woi, pole. Lakini hata watu wa Mlima Elgon walichomewa nyumba, na bado walileta barua. Si unajua utaratibu, Baba. Nani alikubatiza?"

Askofu akamtaja. Walubengo alitafuta jina hilo kwenye faili, hakuliona.

Ikapitishwa kwa shangwe kwamba mgeni aingie darasa la ubatizo, kila Jumatano saa kumi. Alipewa daftari. Alikuwa akifika mapema, na kwenye mtihani aliongoza darasa.

Wiki ya tatu Nanyama alifariki. Alizikwa kando ya mahindi, bila pasta, bila kwaya. Askofu alisimama nyuma na daftari lake kwapani.

"Sema basi hata neno moja, Baba," Nelima alimwomba.

"Bado sijabatizwa," askofu alisema, akachukua jembe, akaanza kufukia.