Neno Ambalo Anti Bridget Hakulielewa

Ukitaka kumtibua Anti Bridget, mpe neno asilolielewa halafu umwambie si kitu. Ndivyo alivyofanya Nkatha siku moja kabla ya harusi yake, katika jiko la shangazi yake huyo pale Columbia Heights, ughaibuni. Alikuwa akimsomea kiapo cha kesho huku chapati zikiiva. Alipofika pale pa "I plight thee my troth", kifimbo cha kusukumia chapati kikasimama hewani mkononi mwa anti.

"Ati nini?"

"Ni Kiingereza cha kale, anti. Yule bibi ninayemtunza kazini aliapa hivyo na mumewe."

"Na hiyo plight ndiyo kufanya nini?"

"Si kitu, anti, ni neno tu," Nkatha akasema. Hakujua. Alilipenda tu lilivyosikika.

"Ala! Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na wewe mwenyewe ndiye unayefunga kamba!"

Baba yake Nkatha alikuwa amenyimwa viza, kwa hivyo Anti Bridget ndiye wa kumshika mkono hadi madhabahuni. Basi akasema hamtoi mtoto wa kaka yake kwa kiapo ambacho hakuna anayekielewa. Kwao Meru hata asali ya posa haionjwi kabla aliyeileta hajasema ameileta kwa nini.

"Mwite bwana harusi atueleze. Akishindwa, kesho utatembea peke yako."

Nkatha akampigia bwana harusi wake, Cheruiyot, lakini kwa hofu. Cheruiyot alikuwa mtu mwema, lakini maneno yake ungeyahesabu kwa vidole na vingine vikabaki. Hajawahi hata siku moja kumwambia "nakupenda". Badala yake, alimbadilishia matairi ya gari. Kazi yake ilikuwa Sterling, kwenye yale majumba yaliyojaa kompyuta, kuhakikisha umeme haukatiki: nyuma ya umeme kuna betri, nyuma ya betri jenereta, na nyuma ya jenereta, jenereta nyingine. Mtu wa namna hiyo hatamki jambo asilokuwa na uhakika nalo. Na tuseme ukweli, Nkatha alichagua kiapo kile makusudi, angalau asikie maneno mazuri yakimtoka mtu huyu kinywani, hata kama ni ya kukariri. Sasa aliogopa kwamba Cheruiyot, akibanwa, atasema kifutwe tu.

Cheruiyot akafika na sare yake ya kazi, akapewa kiti, chai na swali. Akatoa simu, akalitafuta neno, akasoma. Akarudia kusoma. Chapati moja ikaanza kuungua.

"Kijana, ni neno moja, si Biblia nzima," anti akasema.

"Lina umri, anti. Zamani sana lilikuwa kuhatarisha, kuweka kitu mahali kinaweza kupotea. Baadaye likawa kuweka rehani, kuahidi. Siku hizi halisemwi sana, labda harusini. Na hiyo troth ni uaminifu."

"Ehe! Kwa hivyo kesho unaweka uaminifu wako rehani kwa huyu."

"Ndiyo."

"Na ni hatari."

"Ni hatari, ndiyo."

"Wewe, unayelipwa kuondoa hatari!" Anti alikuwa ameanza kufurahia mambo. "Haya, siku umeme ukikatika nyumbani kwenu, jenereta iko wapi?"

Nkatha akauinamia unga. Alikuwa tayari kusema yaishe, watumie kiapo cha kawaida kama watu wengine. Cheruiyot akaiweka simu mezani. Hakumtazama anti. Alimtazama Nkatha.

"Hatari hii haina jenereta," akasema. "Nimetafuta sana. Ni wewe tu. Unadhani mimi hunyamaza kwa nini? Huwa naogopa kutamka neno, nisije nikakupoteza."

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo ndio uliompata Nkatha, unga hadi kwenye viwiko.

Anti Bridget akageukia jiko. Akaipindua ile chapati iliyokwisha kuungua, kisha akaipindua tena.

"Huu moshi nao," akasema, akijifuta macho kwa kiganja chenye unga.

Nkatha akamfungulia dirisha.

"Kesho neno hilo ulitamke polepole," akamwambia Cheruiyot bila kugeuka. "Nitakuwa nimemshika mkono, na nataka kulisikia lote kabla sijauachia."